Ng'ombe wa Uniti

Jumamosi ile ya Juni, mwaka 1999, Mwalimu Luciana alifika chuoni saa mbili kasoro robo asubuhi, akaondoa khanga aliyofunikia kompyuta isiingie vumbi, akaketi na koti lake mwilini kusubiri umeme. Zamu ya umeme ya Jangwani, mtaa wa chuo, ilianza saa mbili kamili na kwisha saa sita mchana. Upepo wa milima ya Mbizi ulikuwa unapenya chini ya mlango. Mezani palikuwa na madaftari manane, moja la kila mtaa, na ndani yake namba za mita zilizosomwa jana yake na wanafunzi wake wa uhazili, wasichana waliopita nyumba kwa nyumba na kalamu nyuma ya sikio.

Alikuwa na miaka thelathini na minne na alifundisha kupiga chapa. Kompyuta ilikuwa msaada wa mapadri, ya zamani, yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Luciana alikuwa amejifunza kuiandikia maagizo mwenyewe kutoka kwenye kitabu kilichokuja nayo, akianza ukurasa wa kwanza na kumaliza wa mwisho, kama mtu anayesoma sala za novena.

Namba zile zilikuwa za mchezo, na mchezo wenyewe ulianza hivi. Mitambo ya dizeli iliyolisha mji ilikuwa imekodishwa kwa kampuni binafsi, kama vitu vingi vilivyokodishwa miaka ile. Mwezi Machi, Meneja wa kampuni, Bwana Basil, alisimama kwenye ukumbi wa parokia akasema mafuta hayatoshi. Mji ukipunguza matumizi kwa sehemu moja ya tano, alisema, kampuni itapeleka mafuta yatakayobaki kwenye zahanati ya Muze, kule bondeni, ambako jenereta ilikuwa imekaa miaka miwili bila kuwashwa. Watu walipiga makofi. Luciana hakupiga. Aliandika maneno yale kwenye daftari lake, pamoja na tarehe.

Mkunga wa zahanati ya Muze alikuwa dada yake, Margareth. Kwa miaka miwili hiyo Margareth alikuwa anazalisha akiwa ameuma tochi kwa meno, kwa sababu kazi ile inataka mikono yote miwili. Februari mwaka ule mama mmoja alivuja damu, tochi ikaisha betri, na Margareth akaja kuona damu ilitokea wapi kulipopambazuka, mama ameshakufa. Tangu siku hiyo alikuwa hali chakula vizuri. Alipopanda mjini Sumbawanga kuchukua dawa alikaa jikoni kwa mdogo wake akishika kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Basi Luciana akatengeneza mchezo. Kwenye kioo kulikuwa na mitaa minane, na kila mtaa una ng'ombe wake na hori lake. Mtaa ukitumia uniti chache kuliko wiki iliyopita, zile zilizookolewa zinaingia kwenye hori, ng'ombe anakula, ananenepa. Mtaa ukitumia nyingi, anakonda mbavu zinahesabika. Luciana hakujua kuchora. Ng'ombe wake walikuwa wa miraba mitupu, miraba mitatu kila pembe, minne kila mguu, na chuchu nne zilizokuwa mraba mmoja mmoja. Kila Jumamosi mchana matokeo yalibandikwa sokoni.

Wiki ya kwanza watu walicheka wale ng'ombe. Wiki ya pili ng'ombe wa Majengo alimpita wa Chanji, na watu wa Chanji hawakulala vizuri. Kufikia wiki ya tano mji ulikuwa umeshikwa. Pasi za mkaa zilirudi kutoka uvunguni. Wanaume wa Katandala waliokuwa wakitazama mpira kwenye nyumba saba walihamia kwenye nyumba moja. Mwenye baa ya Mazwi, aliyejulikana kwa taa zake nyekundu, alizizima zote akabakiza moja, na wateja wakasema bia ni ileile. Harusi ya binti wa katekista ilifungwa kwa karabai. Kina mama wa Izia waliunda kamati ya kugonga milango iliyosahau taa, na mwenyekiti wao, Mama Jenifer, alimgongea hata paroko.

"Mshikaji, ng'ombe wenu anaumwa?" vijana wa Bangwe waliwauliza vijana wa Kizwite mbele ya ubao.

"Poa tu. Tusubiri Jumamosi."

Ile Jumamosi ya Juni ilikuwa ya kumi na moja. Umeme ulikuja, kioo kikawaka, Luciana akaingiza namba za madaftari yote manane. Akajumlisha mara mbili. Mji ulikuwa umepunguza sehemu moja ya tano na ziada. Alichapa karatasi. Halafu akaenda kubandika matokeo, na soko lote likaimba. Muuza dagaa mmoja alilia.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini kwa Meneja.

"Nimeona ubao, mwalimu," alisema Bwana Basil. "Hongera sana. Tutawapa cheti."

"Mafuta ya Muze yanaondoka lini?"

Meneja alifungua jalada, akaligeuza ili aone. "Hayakubaki. Mitambo imekula kiasi kilekile cha Machi."

"Mji umekula kidogo. Mitambo itakulaje kilekile?"

"Mwalimu," alisema Bwana Basil kwa upole, "wewe unafundisha taipu."

Luciana alisema asante, akatoka. Njiani aliona uchungu mdomoni kama aliyetafuna mwarobaini. Alipita kwa Mama Jenifer bila kumsalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipofika chuoni zamu ya Jangwani ilikuwa bado haijaisha, akawasha kompyuta akitaka tu kuwatazama ng'ombe wake.

Walikuwa tisa.

Wa tisa alikuwa mkubwa kuliko wote nane pamoja. Alisimama mahali ambapo kwenye ramani palikuwa na nyumba ya Meneja, ile yenye ukuta mrefu, na shingo yake ilikuwa imerefushwa mpaka kwenye mahori ya mitaa yote. Alikula taratibu. Luciana alipitia maagizo aliyoyaandika, mstari mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hakukuta mstari unaomhusu yule. Akakumbuka kwamba nyuma ya ule ukuta kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga iliyonguruma saa zote, na taa za uani zilizowaka hata jua likiwa utosini, na kwamba wasichana wake hawakuwahi kuandika namba za nyumba ile kwa sababu haikuwa na mita.

Alichapa kile kilichokuwa kwenye kioo, akakibandika sokoni mwenyewe. Watu walisoma. Mwenye baa alisema, "Kumbe tunamlisha," akaenda zake.

Wiki ile Luciana alingoja waache kuokoa umeme. Alijiandaa kuona Jumamosi namba zimepanda, na angewaelewa. Hazikupanda. Zilishuka tena.

"Mimi sikumwekea Meneja," Mama Jenifer alimwambia. "Niliwekea Muze. Akila yeye, hiyo ni shauri yake. Wewe andika."

Jumatatu iliyofuata ng'ombe wa Jangwani alikuwa amesimama nje ya chuo.

Alikuwa wa kijani na wa miraba, mrefu kufikia dirisha, na alikuwa ametulia. Jirani mmoja alibisha hodi kumwomba mwalimu amsogeze, kwa sababu amekanyaga mkeka wa ulezi. Luciana alimsukuma ubavuni, akasogea. Alikuwa na joto kama kioo cha kompyuta iliyowaka asubuhi nzima. Kufikia saa nne habari zilikuwa zimefika kutoka kila mtaa: wa Chanji yuko kisimani, wa Mazwi amelala barabarani na malori yanamzunguka, wa Izia anafuata kamati.

Siku hiyo mjini alikuwapo Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Mtowisa, kule bondeni, na mifugo yake miaka kumi nyuma, amepandisha ng'ombe mnadani. Walimwita yeye kwa kuwa ndiye aliyejua ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Ndiye huyu?"

Alimzunguka mara moja, akamfungua mdomo, akamwangalia meno, ambayo hayakuwapo. Akapapasa kiwele. "Huyu amejaa. Amekamuliwa lini?"

"Hajakamuliwa."

"Mnamtesa," alisema Mzee Masanja. Akachuchumaa, akaomba chombo. Luciana alimletea chupa tupu ya dripu, mojawapo ya zile alizoachiwa na Margareth. Kilichotoka hakikuwa maziwa. Kilikuwa mwanga, mweupe, mzito kidogo, na ulijaza chupa mpaka shingoni bila povu. Mzee Masanja aliikinga chupa kivulini, akaona kivuli kimekwisha.

"Unafaa," alisema. "Lakini chuchu zina kona. Zinakata vidole. Huyu nani aliyemfanya hivi?"

"Ni mimi."

"Zirekebishe."

Luciana aliingia ndani, akaongeza mistari kumi na minne kwenye maagizo, akaikagua. Aliporudi nje chuchu zilikuwa za mviringo. Mzee Masanja alizijaribu, akatikisa kichwa kukubali, akakamua mpaka mchana.

Chupa moja, walivyogundua, iliangaza chumba kimoja siku tatu. Ingewezekana kuzipakia kwenye lori. Mzee Masanja alikataa. Ng'ombe wa maziwa, alisema, anakwenda mwenyewe kunakotakiwa maziwa. Ukimtenga na wanaokunywa anakauka. Tena yeye mwenyewe alikuwa anateremka bondeni.

Waliondoka Jumatano alfajiri, ng'ombe wanne kati ya wanane, ili mji nao usibaki bila kitu. Mitaa ilipiga kura nani atangulie, na waliokosa walinuna. Luciana alifunga chuo akaenda nao, disketi ya mchezo ikiwa kwenye mkoba. Watu walijipanga barabarani mpaka nje ya mji, wakiwaimbia wale ng'ombe kwa majina ya mitaa. Mzee Masanja alitangulia akipiga mluzi. Kwenye mteremko, pale barabara inapokatika na joto la bonde linapoanza kupanda usoni, ng'ombe waliteremka mawe yale makali bila kuteleza, kwato zao za mraba zikikaa vizuri kwenye kila pembe. Luciana alikuwa ametokwa malengelenge, na alikuwa hajafurahi hivyo tangu utoto.

Walifika Muze siku ya pili, saa moja jioni. Nje ya zahanati alikuwa amekaa mwanamume mmoja, mkulima wa mpunga, mikono kichwani. Ndani alikuwa mke wake, Rhoda, na uchungu wa tangu asubuhi. Margareth alitoka mlangoni na tochi mdomoni. Aliitoa ili aseme.

"Mapacha," alimwambia mdogo wake. "Wa kwanza anakuja. Wa pili amekingama tumboni na siwezi kuona ninachoshika."

"Ngoja kidogo, dada."

Mzee Masanja alikuwa tayari ameshachuchumaa. Chupa ya kwanza ilitundikwa kwenye ndoano ya dripu, ya pili kwenye kenchi ya paa, ya tatu Luciana aliishika mwenyewe pale dada yake alipomwambia. Chumba kikawa cheupe mpaka kwenye pembe zake. Margareth alitazama mikono yake yote miwili, moja baada ya nyingine. Kisha akainama akafanya kazi. Alimgeuza mtoto wa pili kwa utulivu, akizungumza na Rhoda kwa Kifipa, maneno ya kawaida, mambo ya kupumua. Saa mbili na dakika kumi mapacha wote wawili walikuwa wanalia, na damu ilipotaka kuanza Margareth aliona inatokea wapi, akaizuia.

Alipomaliza alinawa, akatoka nje, akakaa chini karibu na mume wa Rhoda. Aliomba chakula. Luciana alimpakulia ugali na samaki, akamtazama akila sahani nzima, kisha ya pili.

Ng'ombe walibaki Muze. Kila mwezi wanne hushuka na wanne hupanda kupumzika, na mitaa hubishana zamu. Kufikia Desemba kina mama walikuwa wanakuja kutoka Mtowisa na mbali zaidi, na mwaka ule, tangu Juni, Margareth hakumzika hata mama mmoja.

Mafuta hayakuja. Wakubwa wa kampuni walifika Septemba kwa magari mawili, wakamkuta ng'ombe wa tisa uani kwa Meneja, kwa kuwa naye alikuwa ametoka kwenye kioo. Walimpima kwa futi kamba, wakampiga picha, wakala chakula cha mchana palepale ukutani. Mkataba wa Bwana Basil uliongezwa miaka mitano. Ng'ombe yule hakamuliki. Mzee Masanja alimjaribu mara moja, akasema kiwele hakina njia.

Januari alikuja Loth, bwana mifugo, na fomu za sensa. Alimkuta Luciana chuoni, akaomba waandike pamoja.

"Ng'ombe wanane, rangi kijani. Mali ya nani?"

"Ya mji."

"Hapa panataka jina."

"Andika Mama Jenifer na wenzake."

Loth aliandika. "Na yule mkubwa wa kule kwa Meneja?"

"Huyo ni wa Meneja. Ila anakula kwetu."

Bwana mifugo alifika penye nafasi ya malisho, akaandika hivyohivyo, akapiga muhuri. Alikunja fomu lakini hakuinuka. Akamuuliza mwalimu kama angeweza kumkamulia kidogo wa Chanji, chupa moja tu, kwa sababu mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane na nyumbani kwao Mpui hakujafika nguzo ya umeme hata moja.

Luciana alichukua chupa mbili.