Hedi Mpya za Lori la Dada Gia

Alhamisi saa tatu asubuhi Fundi Mafua alizifungua silinda hedi zote mbili za lori, vile vifuniko vya juu ya injini, akazilaza kwenye gunia safi juu ya benchi, akapenga kamasi, kisha akamwita mwenye lori aje ajionee. Fundi huyu alikuwa na mafua tangu aanze kazi, miaka ishirini na tatu sasa, na wateja walimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Fundi asiyenusa kitu hana budi kutazama.

"Ona tundu hili," alisema. "Hewa yote ya injini inaingilia hapa, na kidole changu kinapita kwa taabu. Supachaja yako inasukuma hewa kama abiria wanaowahi basi la mwisho, na mlango wenyewe ndio huu."

Mwenye lori, ambaye mji mzima ulimwita Dada Gia kwa sababu alibadilisha gia bila lori kushtuka, aliinama akachungulia.

"Nikiweka hedi zenye matundu mapana?"

"Kwa mlima utapata kidogo. Unapopanda na gia ya pili utapanda na ya tatu, basi. Supachaja hainuni, ukiibana inasukuma zaidi. Mtu mwingine ningemwambia aachane na hedi, anunue matairi."

"Na kwa maneno?"

Fundi alipenga tena. "Kwa maneno hiyo ni habari nyingine."

Lori lilikuwa likisema tangu mwezi wa tatu. Injini ilivuta hewa kwa bomba lililosimama upande wa kulia, nyuma ya mlango, na chochote kilichosemwa karibu na bomba hilo kilivutwa pamoja na hewa. Hewa ilitoka kwenye ekzosi papo hapo. Maneno, kwa kuwa ni mazito, yalichelewa dakika arobaini. Hivyo salamu za jirani zilitokea njia panda ya soko, na ugomvi wa mke na mume wa nyumba ya kona ulitokea mbele ya benki, jambo lililowaudhi wenyewe, maana walikuwa wameshapatana na walikuwa kwenye foleni. Ila maneno yalipita kwenye matundu membamba, yakatoka yamebanwa mbavu na kukatika mikia. Mtu alisikia sauti ya nani, hakusikia amesema nini.

Dada Gia hakuwa na haja na ugomvi wa watu. Alikuwa na kaka yake.

Kaka yake ndiye aliyeliendesha lori hilo miaka kumi na mmoja, akibeba kokoto kutoka machimboni. Mwaka uliopita, upande wa pili wa mlima, breki zilimshinda kwenye mteremko, akabomoa ukuta wa zahanati na kuvunjika nyonga. Karatasi ya mizani ilisema tani kumi na nane. Lori lenye tani kumi na nane husimama, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba dereva alizembea, akanyang'anywa leseni maisha. Yeye alisema mzigo ulikuwa unafika tani ishirini na sita. Walimsikiliza kwa adabu, wakagonga mhuri. Sasa alikaa dirishani na fimbo yake, akiyapima kwa sikio malori yaliyopita barabarani. Hakukosea, na hakuna aliyemuuliza.

Machimboni ilikuwa desturi kutozima injini juu ya mizani, kwa sababu kuiwasha upya na mzigo ule huua stata. Bomba la hewa lilisimama sawasawa na dirisha la karani, umbali wa mkono mmoja. Kila safari, katikati ya mlima, ekzosi ilijaribu kusema jambo na kushindwa. Dada Gia alikwenda kwa mkaguzi wa leseni akamweleza. Mkaguzi hakuona ajabu. Alimwambia tu alete kinachosikika.

"Funga hedi mpya," alimwambia fundi.

"Dada, usije ukasema sikukwambia. Kwa nguvu hazina maana hiyo."

"Sikufuata nguvu."

"Na kipimo cha presha kitashuka. Usinipigie simu unalia kwamba nimekuharibia. Kitashuka kwa sababu hewa inapita, haijazuiwa mlangoni."

"Fundi, funga. Ukipenga mara nyingine nitazifunga mwenyewe."

Alizifunga kwa siku mbili, akipenga nje ya karakana.

Jumatatu Dada Gia alipanda mizani, injini ikinguruma. Hakusikia kilichosemwa dirishani, wala hakujaribu. Alipokea karatasi ya tani kumi na nane, akashukuru, akaondoka kwa mwendo aliokuwa ameupigia hesabu. Kwenye kona ya tatu ya mlima mkaguzi na kaka yake walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, mwavuli mmoja kati yao. Alifika dakika ya thelathini na tisa, akasimama mbele yao, akakanyaga mafuta.

"Ishirini na sita na nusu," ilisema ekzosi kwa sauti ya karani.

"Andika kumi na nane," ilijibu kwa sauti ya msimamizi wa machimbo.

"Na akipata ajali, bosi?"

"Yule wa mwaka jana si alipata? Karatasi ilisema kumi na nane, yakaisha."

Kikafuata kikohozi cha karani, kizima, hata pumzi ya mwishoni. Kaka mtu alitazama chini, kwenye ncha ya fimbo yake.

Mkaguzi aliomba injini izimwe. Alisema amesikia kila neno na ameamini kila neno. Kisha akafungua jalada, akapekua fomu mbele na nyuma.

"Shahidi mtu anatia sahihi hapa," alisema. "Karatasi naibandika hapa. Ekzosi sina pa kuiweka, dada yangu."

"Ongeza mstari."

"Fomu hii si yangu. Mimi naijaza tu."

Leseni haikurudi. Mkaguzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kwa pande zote, aliwaandikia barua watu wa machimbo kuwajulisha kilichosikika. Siku ya tatu tangazo likabandikwa kwenye dirisha la mizani: mazungumzo hapa ni marufuku, tumieni karatasi.

Dada Gia hakuacha kubeba kokoto. Kaka yake sasa alikaa kiti cha pembeni, fimbo kati ya magoti, kwa kuwa hakuna sheria inayomzuia mtu kukaa. Walipanda na gia ya tatu, kama fundi alivyosema. Katikati ya mlima kaka alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akasikiliza. Ekzosi ilikuwa ikikwaruza kama kalamu juu ya karatasi.

"Mstari mmoja kwenda chini," alisema. "Halafu viduara viwili, kimoja juu ya mwenzake. Kumi na nane."

"Na kabla ya hapo? Karani alimwandikia msimamizi nini?"

Alisikiliza mpaka kona ikaisha.

"Huyo anaandika kwa penseli, haikolei. Kesho sogea karibu na dirisha."

"Nitasogea," alisema dada yake, akakanyaga mafuta.