Mpini Wenye Nundu

Kile kisu nilikitengeneza kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja tu, mdogo wangu wa tumbo moja. Naanzia hapo ili asije mtu akaniambia labda nilikifananisha.

Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata kidole cha pete. Haukuwa na kifuniko, na hadi leo hauna. Meneja alimpa pole na bandeji. Mimi kiwanda kilishanifukuza zamani kwa sababu ya mdomo wangu, lakini mdomo sikuuacha getini. Niliwaambia wafanyakazi wagome mpaka kila msumeno uvalishwe kifuniko. Wakakubali, wakamchagua mdogo wangu awe msemaji wao. Akiinua ule mkono, hata wabishi walinyamaza.

Nilitaka kumpa kitu. Alipenda kwenda kulala porini na kuvua samaki, na visu vya dukani vilikuwa vinamponyoka. Nikachukua tupa kuukuu, nikaichoma kwenye mkaa uani mpaka ikalainika, nikaikata umbo la kisu. Nikaitia moto tena ikaiva nyekundu, nikaizamisha kwenye mafuta ikalia chwaa. Kisha nikaipasha polepole kwenye jiko la mke wangu ili isije ikavunjika kama kioo. Mke wangu alininunia: chai yake ilikuwa inanuka gereji.

Mpini niliutoa kwenye mguu wa kitanda cha marehemu mama. Nilimpa mdogo wangu donge la udongo alikamate kwa nguvu, nikauchonga mti kwa kufuata alama za vidole vyake. Palipokosekana kidole niliacha nundu, izibe pengo. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Alipokishika akasema, "Kaka, huu ni kama umeniotea mkononi."

Haukupita muda akaja uso umemshuka. Kisu kimedondoka mtoni, akasema. Nikampoza, nikamwambia asijali, kitanda kina miguu mingine.

Basi, siku ya kikao cha mwisho kabla ya mgomo wa Jumatatu, mchana, akaingia uani kwangu dereva wa meneja. Mtaa mzima unajua natengeneza visu. Akafungua kitambaa.

"Fundi, bosi kapewa zawadi, kisu kikali kweli, ila hii nundu inamchoma. Mpunguzie."

Nikamuuliza zawadi katoa nani. Dereva akacheka; alikuwa mgeni, hakujua kuwa ni ndugu yangu. Yule wa kidole, akasema, siku hizi habanduki kibarazani kwa bosi, wanakunywa chai kama mashemeji, na koti la usimamizi limeshashonwa. Nikamwambia akifuate Jumatatu.

Jioni wafanyakazi wakajaa uani kwa kikao. Mdogo wangu akasimama, akainua mkono, wakanyamaza. Akawaeleza kwa upole kwamba meneja ni mwelewa, kwamba mgomo usubiri. Mpakiaji mmoja wa siku nyingi akamuuliza kama amekutana na meneja. Mdogo wangu akaapa hajawahi kukanyaga kwake.

Nikakiweka kisu mezani mbele yake.

"Ulisema kiko mtoni."

"Kaka, haya tuyaongee ndani."

"Shika, wakuone."

Hakushika. Aliutia mfukoni mkono uleule aliokuwa akiwanyamazishia watu. Mpakiaji akakichukua yeye, akakijaribu kiganjani, nundu ikamkataa. Akakirudisha taratibu.

"Dereva wa meneja ndiye kakileta leo," nikawaambia. "Bosi wake kinamchoma."

Mdogo wangu akanitazama. "Nina watoto, kaka. Wewe na kelele zako zote, zilikupa nini?"

Nilitegemea watamzomea. Wachache waliguna. Wengine, na sura zao ninazo kichwani mmoja mmoja, walitikisa vichwa kumkubali, wakaaga, wakaondoka naye.

Jumatatu asubuhi misumeno ililia kama kawaida. Mdogo wangu alipita mbele ya nyumba yangu amevaa koti jipya, mkono mfukoni, hakusalimu.

Dereva alipokuja nilimpa kisu. Nilikuwa nimekinoa mpaka kinanyoa nywele. Nundu sikuigusa. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaniuliza mbona ipo vilevile.

"Mwambie bosi wako mti wa mama yangu haupunguzwi," nikamjibu. "Atazoea."

Lakini hatazoea, najua nilichokichonga. Kila akikikamata kitamchoma palepale mdogo wangu alipokosa kidole.