Kiuno cha Nyambeki Hakikurudi

Asubuhi, kabla umande haujakauka, wachumaji wa shamba moja la chai upande wa Sosiot hujipanga kando ya njia ya trekta, vikapu mgongoni, aproni za mpira zimefungwa hadi kifuani, na nyapara hupita akigawa mistari. Ukishapewa mstari ni wako mpaka wakati wa kupima. Kwa kawaida watu hupewa mistari inayofuatana, ili wachume wakipiga domo. Lakini kule chini kabisa, kwenye miti ya blugamu karibu na kijito, kuna mstari ambao hupewa mwanamke mmoja peke yake. Akiitwa jina, wenzake huacha kuongea na kuanza kufunga upya vitambaa vya kichwa ambavyo vilikuwa vimefungwa vizuri tu.

Nyapara aliitwa Mageto. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole na koti la mvua lisilojua tope. Nyambeki aliwahi kupewa mstari wa kule chini, mwaka ule alipofika kutoka Kisii akiwa na mtoto mgongoni. Alishuka, akapanda, akapima majani, akanyamaza. Alipopata ujasiri wa kwenda ofisini, waliuliza shahidi wake ni nani. Kule chini hakuna shahidi, na kama angekuwepo Mageto asingempeleka mtu huko. Alimchukia Mageto kwa chuki isiyopoa, na kila Jumapili alipokea sakramenti iliyopitia mikononi mwake.

Sasa yule mtoto wa mgongoni, Mongina, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Sheria ya kambi ilisema mtoto akishakuwa mtu mzima aandikwe kazi au aihame nyumba ya kampuni, na Mongina hakuwa na pa kuhamia. Mwezi wa kwanza angejipanga na wengine kwenye njia ya trekta. Mageto alikuwa ameanza kumsalimia kwa kuushika mkono wake na kusahau kuuachilia. Dalili ya mvua ni mawingu, na Nyambeki alikuwa ameyaona.

Wakati huo ndipo akaja Gichuki, mtengenezaji wa filamu. Babake aliuza misumari na mabati Kericho mjini, kwa hiyo alijiita mtoto wa nyumbani, ingawa alipita kati ya chai akiinua magoti kama mtu anayevuka mto. Alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alisema anatengeneza filamu ya kuwatetea wanawake wa chai. Ndani yake mchumaji anayeitwa Rehema, jina ambalo hakuna mwanamke wa kambi ile aliyewahi kuwa nalo, angesimama na kuuambia ulimwengu mambo anayofanyiwa na nyapara. Meneja alikuwa ameruhusu, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Aliyesema amina kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mageto.

Jumatatu Gichuki akapita mbele ya wanawake waliojipanga, akamnyooshea Nyambeki kidole.

"Wewe mum. Utakuwa Rehema."

Rafiki yake Chemutai, ambaye mstari wake ulifuatana na wake tangu zamani, alimvuta kando. "Mama Mongina, huyo mtu simwamini. Anakuangalia kama mtu ananunua ng'ombe. Na hata ng'ombe huangaliwa meno kwanza. Huyu hata hajafika kwa uso."

"Ako na maneno ninayoyataka," Nyambeki akasema. "Nikisema ndani ya filamu, hakuna mtu ataniuliza shahidi. Wote watakaoona ni mashahidi."

Chemutai hakuacha kukunja uso.

Siku ya kwanza walimvua aproni. Msaidizi wa Gichuki, msichana aliyeitwa Tabby, alizifungua kamba kwa adabu. "Inaficha shape, mum. Pole." Walimvalisha gauni jepesi ambalo mchumaji angelivaa mara moja tu, vijiti vya chai vikalipasua. Gichuki alitaka mvua ya asubuhi, basi wakamnyunyizia maji kwa pampu ya kuulia magugu. Saa nane mvua yenyewe ya Kericho ilipokuja, walifunika mitambo yao na kukimbilia garini. Siku hiyo kamera ilichukua shingo.

Nyambeki alirudi nyumbani bila shingo. Kichwa kilikaa mahali pake pa kila siku, na kati yake na mabega ulionekana ukuta wa nyumba na kalenda ya kanisa. Mongina alikuwa anasonga ugali.

"Mama, shingo yako iko wapi?"

"Bado iko kazini."

Mongina akapakua. Ugali ulishuka kama kawaida, na wakaongea habari za bei ya sukari.

Walidhani shingo ingerudi usiku, lakini haikurudi. Siku iliyofuata kamera ilichukua midomo. Gichuki alimwambia aume jani polepole huku amefumba macho. Lilikuwa jani kuukuu, gumu, la kutupwa, maana kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi. Nyambeki alimwambia hivyo, naye akasema ni sawa, watazamaji hawatajua. Baadaye ikachukua miguu, ikioshwa matope kwa maji ya uvuguvugu. Kisha ikahamia kiunoni na kukaa huko. Ilikikaribia kiuno kwa mbele, kwa nyuma, ikiwa imelala chini, ikiwa juu ya ngazi. Mchana kutwa wanaume wanne walikizunguka kiuno cha Nyambeki wakiongea juu ya mwanga, na jioni hakikwenda naye nyumbani.

Mikono yake hawakuitaka. Ilikuwa na utomvu mweusi wa chai kwenye kila mpasuko, na Gichuki alisema inavunja mood. Palipohitajika mikono walitumia ya Tabby, yenye kucha za rangi. Tabby aliondoka bila mikono, akibeba taulo kwa viwiko, na hakulalamika, kwa kuwa haikuwa filamu yake ya kwanza. Macho pia hawakuyachukua. Kila Nyambeki alipoyainua, Gichuki alipiga kelele, "Usiangalie kamera, mum! Jifanye hujui tuko."

"Na maneno yangu ni lini?" Nyambeki alikuwa akiuliza kila jioni, kwa sauti iliyotoka mahali midomo ilipokuwa.

"Kesho, mum. Hiyo ndiyo climax."

Kesho hiyo ilifika siku ya mwisho. Walimsimamisha kati ya chai na kumwambia aseme kwa moyo wake wote. Alisema. Alieleza mstari wa kule chini, jinsi nyapara anavyofika akiuliza kama umechoka, jinsi anavyotundika koti kwenye tawi, na jinsi majani hupimwa siku hiyo kwa ukarimu. Alisema hadi pumzi ikamwishia. Alipomaliza aliteremsha macho, ambayo hayakutakiwa kuangalia popote, akaona kamera ilikuwa imeinama kifuani pake tangu neno la kwanza.

"Beautiful," Gichuki akasema. "Unapumua vizuri sana."

"Na sauti?"

"Sauti tutafanya studio."

Jioni hiyo kifua hakikurudi. Sauti ilirudi, kwa sababu hakuna aliyeichukua.

Vingine vyote vikiwa vimekwenda hivyo hivyo, Nyambeki akabaki mikono, macho na sauti. Nguo hazikuwa na pa kushika, zikateleza, akaacha kuzivaa. Mke wa pasta alimwangalia kwa makini, akasema hakuna kinachoonekana, kwa hiyo hakuna dhambi, ila asikae kiti cha mbele. Mikono ilichuma kama zamani, ikitupa majani kwenye kikapu ambacho Chemutai alikisogeza kwa goti. Karani wa mizani aliandika uzito bila kuuliza, kwani mizani haipimi mchumaji. Mageto alimpa mstari wowote uliokuwa karibu, hata bila kumtazama. Nyambeki angefurahi, kama asingekuwa anaona macho ya Mageto sasa yanakwenda wapi.

Alimpigia Gichuki simu, Mongina akimshikia.

"Nataka vitu vyangu."

"Viko safe, mum. Viko ndani ya hard disk. Na huko havitazeeka, ujue. Uko na bahati."

"Na maneno yangu?"

"Hayo tuliona yanachosha. Lakini usijali, feeling imebaki."

Filamu ilitoka kabla ya Krismasi. Ilionyeshwa Kipkelion, ikaonyeshwa Sigor, ikaingia kwenye simu za watu wa bodaboda, ambao walikirudisha nyuma kipande kimoja tu. Kila walipokirudisha, Nyambeki alisikia joto mahali kiuno chake kilipokuwa zamani. Alijifunza kuzijua saa. Joto la sokoni lilikuja mchana, baada ya watu kula. La Sigor lilikuja jioni, tena kwa pamoja, kana kwamba wanaume wengi wameegemea ukuta mmoja. Chemutai alimshauri apake mafuta ya mgando, kisha akakumbuka hapana pa kupaka.

"Nilikuambia," akasema. Alikuwa analia, na hakupenda kuonekana analia.

Jumapili ya mwisho kabla Mongina hajaanza kazi, filamu ililetwa kambini. Baada ya ibada waliziba madirisha ya ukumbi kwa magunia na kutundika shuka jeupe. Meneja alikaa mbele, Mageto pembeni yake, Gichuki akisimama kando na mikono mfukoni. Wanawake walikaa nyuma na watoto. Nyambeki alikuwa kati ya binti yake na Chemutai.

Shuka likawaka. Wakaona shingo yenye matone ya mvua. Wakaona midomo ikiuma jani la kutupwa, na wachumaji wote wa nyuma wakacheka kwa uchungu, maana hakuna aliyekula jani kuukuu tangu azaliwe. Wakaona vidole vyenye rangi vikichuma chipukizi moja moja, kwa mwendo ambao ungemfanya mtu alale njaa. Kisha kiuno kikapita kati ya chai, kikubwa kuliko mlango wa ukumbi. Mageto aliinama mbele, viwiko magotini.

Ikafika sehemu ya Rehema kusema. Kifua kilipanda na kushuka, na badala ya maneno ikapigwa filimbi.

Nyambeki aliinuka. Mikono na macho yalipita katikati ya viti mpaka mbele, akasimama mbele ya shuka, akaanza kusema. Alisema yote tangu mwanzo, na safari hii hakusema nyapara, alisema Mageto. Alitaja blugamu, tawi la koti, na majina ya waliopewa mstari ule baada yake, wale aliowajua. Aliwatazama watu usoni mmoja mmoja, maana hakuna aliyemkataza.

Hakuna aliyemwambia aondoke, kwa sababu hakuwa anaziba chochote. Kifua kilionekana vizuri kabisa kupitia pale aliposimama. Mtu mmoja wa viti vya katikati aliomba filimbi iongezwe, na ikaongezwa. Meneja alikuwa akitikisa kichwa kwa uzito, machozi yakimlenga. Filamu ilipokwisha alisimama na kusema hajawahi kuona mwanamke wa chai akipewa heshima namna ile, na Mageto akaombwa afunge kwa sala. Aliomba kwa upole, akawakumbuka akina mama.

Wanawake walikuwa wamesikia kila neno. Walitoka bila kutazamana, na wakiwa njiani walimpisha Nyambeki apite katikati, pasipo tope.

"Nimesikia, Mama," Mongina alisema wakiwa nyumbani.

"Najua umesikia. Si wewe nilikuwa naambia."

Jumatatu watu wakajipanga. Kulikuwa na baridi, na ukungu umelala juu ya chai. Mageto alipita akigawa mistari, akaitaja kwa mfuatano mpaka watu wakaisha, akabaki Mongina katika aproni mpya ambayo bado ilinuka duka.

"Wewe msichana, kule chini, kwa blugamu. Ni mstari mwepesi, utajifunza polepole."

Vitambaa vya kichwa vikaanza kufungwa upya.

Nyambeki hakungoja kupangwa. Alishuka na binti yake, na hakuna aliyemzuia. Wakalaza ufito wa kupimia usawa wa kuchuma juu ya vichaka, wakaanza kuchuma, mama akimwonyesha jinsi ya kuvunja kwa kidole gumba bila kuvuta. Jua lilipopenya kati ya blugamu, Mageto akaja. Alimuuliza Mongina kama amechoka. Alivua koti, akalitundika kwenye tawi.

Nyambeki akasimama kati yao. "Mageto," alisema, "mimi hapa. Nakuona."

Mageto alitazama mbele moja kwa moja, kupitia kwake, mpaka kwa Mongina, akakaza macho mahali kamba za aproni zilipofungwa. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa.

"Kumbe kile kiuno hakikupotea," akasema. "Ni wewe uko nacho."

Nyambeki alimshika binti yake mkono, na kila mmoja kwa mkono uliobaki wakaendelea kuchuma, huyu upande huu, yule upande ule. Mageto hakuwa na haraka. Alitafuta kisiki kikavu, akaketi, akaanza kutazama.