Mwizi Aliyeshikiwa Kamba ya Nguo

Aliyeiba pikipiki yangu hakuruka ukuta wala hakuvunja kitu. Aliingia kwa mlango mkubwa, mchana, watu wanafua, akasalimia, akaitikiwa vizuri.

Mimi nilikuwa ndani nimejinyoosha. Kazi yangu ni kusambaza mayai madukani, trei zimefungwa nyuma ya pikipiki, na asubuhi ile barabara ilikuwa imenitikisa mpaka meno. Nyumba tunayopanga ni vyumba vinavyotazama uwanja mmoja, mlango wa kutokea mmoja, na sheria moja ya kijinga: pikipiki isifungwe usukani. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeitunga. Inakaa njiani, anasema, basi anayepita na ndoo aweze kuisogeza. Ndani hataki iingie, eti petroli itamchomea nyumba. Mnyororo ndiyo kabisa, eti hapa si jela. Kwa hiyo pikipiki yangu ilisogezwa kama kigoda. Huyu akipita anaisukuma kule, yule akirudi anaisukuma huku.

Nilipotoka kunawa uso nikaona uwanja umekuwa mpana.

"Pikipiki iko wapi?"

Msusi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakuinua hata kichwa kwenye beseni. "Si fundi wako kaichukua?"

"Fundi wangu yupi?"

"Yule wa ovaroli, mwenye spana. Kasema umemtuma akaangalie breki, usiamshwe, umechoka. Ana adabu yule kijana! Mpaka kanisifia nywele."

"Nywele gani, nawe umejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi?"

Hapo ndipo mkono wake uliposimama kwenye povu.

Jirani mwingine ni mwashi, tunamwita Kifusi kwa sababu vumbi halimtoki hata akioga. Yeye alikuwa bado na fahari yake. "Kizingiti kilimshinda, dada. Nikamnyanyulia tairi la nyuma."

"Ukamnyanyulia."

"Na huyu msusi akamshikia kamba ya nguo juu apite, shuka lisichafuke."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Watu wazima, na macho yao manne, wamemsindikiza mwizi kama bwana harusi! Wanangu wanakula na kusoma kwa magurudumu yale mawili. Bila hayo ningebeba trei kichwani, na kichwa changu na mayai havijawahi kuelewana.

"Kaelekea wapi?"

"Kulia. Lakini dada, viatu..."

Viatu vya nini? Nilitoka peku. Nilikuwa na tumaini moja tu: kila nikiegesha huwa nafunga koki ya mafuta, maana karabureta ile inavuja. Koki ikiwa imefungwa, pikipiki inawaka vizuri tu, inatembea kidogo kwa mafuta yaliyobaki, halafu inazimika kama mtu aliyekatwa kauli. Asiyejua atapiga kiki mpaka goti limtoke.

Nilimkuta mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nyaya za swichi zinaning'inia, jasho linamdondoka, anapiga kiki kama anakanyaga nyoka. Na wapita njia wawili wanamsukuma! Jamani, mitaa yetu ina watu wema, wema mpaka unataka kuwachapa.

"Wewe fundi! Breki zimepona?"

Aliniona nakuja, mama mzima, peku, sauti imetangulia mwili. Ovaroli likatimua mbio. Wale wawili wakabaki wameshika kiti cha nyuma. Mmoja akaniuliza eti tuendelee kusukuma?

Niliunyakua usukani kwa hasira mpaka kioo cha pembeni kikalia. Mwenye duka ni mteja wangu wa mayai. Alinitazama usoni mara moja, akaniletea simenti, pete nene ya chuma, mnyororo na kufuli. Nikafungua koki, ikawaka kwa kiki ya kwanza.

Uwanjani hakuna aliyethubutu kunisaidia kuvuka kizingiti.

"Kifusi, leta sururu. Chimba hapa, chini ya dirisha langu."

"Dada, leo napumzika."

"Ulipomnyanyulia mwizi tairi ulikuwa hupumziki?"

Akachimba. Msusi akaleta maji ya zege bila kuambiwa, na bila kunitazama. Pete ilikuwa imeshazama nusu mama mwenye nyumba alipotokea.

"Nani kaniharibia uwanja?"

"Mimi, mama."

"Sheria ya nyumba hii..."

"Sheria ya nyumba hii leo imemhudumia mwizi kuliko mpangaji! Miaka yote napita hapa na trei za mayai, nani kanishikia kamba?"

"Huwezi kukaa na watu. Hama!"

"Sihami. Kodi yangu unaipokea kwa mikono miwili, basi na hili lipokee. Kuanzia sasa usukani unafungwa, mnyororo unafungwa. Na atakayeigusa, hata kuipangusa vumbi, nitamwitia mwizi mpaka watu wa mtaa wa pili nao watoke."

Kifusi akanivuta kando, mwiko mkononi. "Dada, usinipige. Zege bado bichi. Ukifunga mnyororo leo, pete itatoka na mtu. Vumilia mpaka kesho."

Nikaitazama pikipiki, nyaya nje kama utumbo. Nikautazama ule mlango mkubwa, uko wazi kama kawaida yake. Kisha nikaanza kusukuma. Mama mwenye nyumba akawahi, akasimama katikati ya mlango wa chumba changu, mikono kiunoni.

"Sogea, mama."

"Unakwenda wapi na hilo lidude?"

"Kulala nalo."

Akavuta pumzi ya kuanza kupiga kelele. Nikabonyeza honi, na sikuiachia mpaka aliposogea.