Karanga za Bi Hortensia

Siku ya tatu ya mkutano wa wakulima wa mbegu, wenyeji waliwapeleka wageni kula chakula cha asili cha Peru katika mkahawa mmoja pembezoni mwa mji wa Arequipa. Jiko halikuwa na ukuta. Mpishi, mama wa makamo aitwaye Hortensia, alisaga pilipili kwenye jiwe huku akiwatazama walaji wake.

Anyesi, mkulima wa karanga kutoka Chamwino, alikaa na Imrani, afisa kilimo kijana aliyetoka ofisi za serikali za Mtumba kumsindikiza. Waliletewa viazi vya kuchemsha vilivyofunikwa rojo zito la karanga, jibini na pilipili. Anyesi alionja. Papo hapo akatema kwenye kitambaa.

"Imrani, weka kijiko chini."

"Labda ndivyo linavyotakiwa kuwa, mama. Ni mila yao."

"Ukungu si mila ya mtu. Karanga hizi zimevunda."

"Mama, tafadhali, watu wanatutazama. Tumekuja hapa kwa jina la nchi."

"Basi nchi isile."

Hakuwa akitania. Mwaka mmoja mvua zilizinyeshea karanga zikiwa bado zimeanikwa, na Luka, mdogo wake, akala zile zilizooza kwa sababu nyumbani hapakuwa na kingine. Macho yakawa manjano, tumbo likavimba. Walimzika kabla mavuno hayajaisha. Tangu hapo hakuna gunia lililoingia ghalani mwa Anyesi kabla hajalitia mkono, pua na ulimi.

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda jikoni. Imrani alimfuata mbiombio na simu yake ya kutafsiri.

"Mbukwa," Anyesi alimsalimu mpishi. Kwa kuwa pale Kiswahili na Kigogo vilikuwa sawa tu, vyote havieleweki, aliona bora asalimie kwa lugha ya kwao.

Hortensia alisikiliza simu ikimweleza kuwa karanga zake zimevunda, akakaza uso. Alijibu kwa kifupi.

"Anasema amepika rojo hili miaka thelathini," Imrani alitafsiri, jasho likimtoka. "Hakuna mgeni aliyewahi kulitema."

"Mwambie silaumu mkono wake. Naomba nione gunia."

Lililetwa, tena kwa hasira. Anyesi alimwaga karanga kwenye sinia, akaanza kuchambua. Vidole vyake vilikwenda haraka, vikisukuma upande mmoja punje zilizosinyaa na zenye madoa. Moja aliipasua kwa kucha. Katikati kulikuwa na vumbi la kijani. Akampa Hortensia punje nzuri isiyo na doa atafune, kisha akamsogezea ile iliyopasuka puani.

Hortensia alinusa. Alichukua nyingine, akaivunja mwenyewe. Ya tatu pia. Alifunga gunia. Aliondoka, akapita meza moja baada ya nyingine akikusanya sahani kwa mikono yake, akiwaomba watu radhi.

Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini.

"Anasema muuzaji wake wa zamani amefariki," Imrani alieleza. "Gunia hili kaletewa juzi na mwana wa marehemu, akaliamini kwa sababu ya baba yake."

"Amfundishe huyo kijana kuanika," Anyesi alisema. "Si mwizi, hajui tu."

Walirudi mezani. Baada ya muda Hortensia alimletea Anyesi sahani ya peke yake: pilipili kubwa nyekundu, imejazwa nyama ya ng'ombe na kufunikwa jibini. Akasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Hii naifahamu, ni hoho," Anyesi alimwambia Imrani, akakata pande kubwa, akatia kinywani.

Haikuwa hoho. Moto ulipanda hadi masikioni, machozi yakamwagika. Hortensia alicheka mpaka akashika kiuno, akamsukumia kiazi. Anyesi alikimega, akavuta pumzi, akarudia pilipili. Alikula yote, pua ikimchuruzika, hadi sahani ikabaki nyeupe.

"Mama, unaumwa?" Imrani aliuliza.

"Niumwe nini?" alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Muulize mbegu za pilipili hii anazipata wapi, na zinapandwa mwezi gani."