Vivuli vya Njoo Kesho

Kila asubuhi, kabla ya wageni kuingia, Awadh tarishi alilipangusa benchi la ukumbi wa chini kwa kitambaa cha maji, akiviomba radhi vivuli vilivyolikalia vinyanyue miguu. Vilikuwa vivuli vya watu waliokuja kuuliza jambo katika Shirika la Matangi na Maghala, hapo upande wa Ganjoni, wakaambiwa njoo kesho. Mwenyewe huenda zake nyumbani. Kivuli husalia kungojea jawabu. Vingi vilikuwa vya wafanyakazi wa shirika lilo hilo, waliotaka kulijua jambo lililokuwa likijulikana ghorofa moja tu juu yao. Mhasibu mmoja alikuwa akitembea juani bila ya kivuli tangu mwaka juzi, na mkewe hakuona haja ya kulitaja.

Shariffa binti Ziad, mkaazi wa Kibokoni, aliajiriwa mwaka wa tisini na nne ayatibu hayo. Kazi yake ilikuwa kuziunganisha idara zote, ili mfanyakazi akitaka kujua neno alijue papo alipo. Alipewa meza, akapewa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, isiyofunuliwa ila wakija wakubwa kutoka Nairobi.

"Mwanangu, una kazi," Awadh alimwambia. "Hapa maneno hupanda ngazi. Sijayaona yakiteremka."

"Nitayateremsha mimi, ami."

"Haya. Ukiteguka mguu, mafuta ya karafuu ninayo."

Hakukaa sana akaja Kache. Mumewe, Jefwa, alikuwa kibarua wa kusafisha matangi. Jana yake alikuwa ameteremshwa tangini na ufagio na ndoo, asiambiwe tangi lile lilibeba nini. Akatolewa amejikunyata, mate yamchuruzika, macho hayaoni. Sasa alikuwa amelazwa, na daktari alitaka kitu kimoja tu: jina la ile sumu, apate kujua ampe tiba gani.

Shariffa akamshika mkono, wakapanda. Idara ya Matangi ilisema majina hukaa Idara ya Shehena. Shehena ikasema yamehamishiwa Usalama. Mkuu wa Usalama, aliyekuwa akila mahamri kwa mbaazi, alisema jina lipo, naam, lakini amelifungia Bwana Morgan, meneja, mpaka wakili arudi safari.

Bwana Morgan aliwapokea kwa adabu.

"Jina likitoka ovyo, Bi Shariffa, tutashtakiwa ovyo. Mwambie huyu mama aje kesho."

"Bwana, mtu yuwafa."

"Mimi niko hapa, bwana," Kache alisema. "Niambie mwenyewe."

Bwana Morgan alimtazama, kisha akamgeukia Shariffa. "Mwambie aje kesho."

Kache alirejea hospitali kumpepea mumewe. Kivuli chake hakikufuatana naye. Kilijitafutia nafasi benchini, kati ya kivuli cha mhasibu na cha mwalimu mmoja wa shule ya Buxton, kikaketi, mikono mapajani.

Ilipoingia alasiri, saa ambayo kivuli cha kila kitu hulingana na kitu chenyewe, Shariffa aliswali nyuma ya meza yake. Alipotoa salamu aliona vivuli vya benchini vimeanza kurefuka, kama ilivyo ada ya vivuli wakati huo. Cha Kache kilivipita vyote. Kilishika ngazi, kikapinda kila kona, na Awadh akakinyanyulia ufagio kipite. Juu kabisa kilipenya chini ya mlango wa Bwana Morgan, kikaingia katika mwanya wa kabati lake la chuma.

Kilirudi jua likikaribia kuchwa, kikamnong'oneza Shariffa kwa sauti ya Kache, kikilikatakata lile jina la kizungu vipande vipande mfano wa mtu atafunaye mfupa. Kikamwambia na jambo la pili. Bwana Morgan alilijua jina, na sumu yake, kabla ya Jefwa kukabidhiwa ufagio. Onyo lilikuwa limemfikia mezani. Hakuliteremsha, kwa kuwa kungojea mavazi ya kinga kungaliichelewesha meli.

Shariffa alikimbia hadi hospitali, buibui likimpepea. Daktari Auma alilisikia jina, akaketi.

"Dawa ya sumu hii tunayo, dada," alisema. "Imo kabatini, hapo nyuma yangu."

Hakuliendea kabati. Shuka ilikuwa imekwisha kuvutwa juu ya uso wa Jefwa.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumjua mtu afichaye maradhi ya mwenziwe: huyo kifo hakimuumbui, humpandisha cheo. Elimu ni amana, na aliyeizuilia amana ya Jefwa alikula chakula chake cha jioni akalala usingizi.

Baada ya matanga Kache alipanda tena, pamoja na Shariffa. Shariffa alikuwa amemweleza yote mawili. Kache alitaka kuyasikia kwa Bwana Morgan mwenyewe.

"Ulijua?" alimwuliza.

"Pole sana, mama. Njoo kesho."

"Nami nauliza lilo hilo," Shariffa alisema.

"Nawe njoo kesho, Bi Shariffa."

Jioni hiyo, akipita mbele ya Ngome ya Yesu, Shariffa alitazama chini, akaona jua limempita mwilini likaangukia mawe. Akaendelea na njia yake.

Shirika halikukaa kimya. Liliusifu utaratibu mpya wa taarifa, likanunua mabenchi mengine, ya mninga, na likaamrisha mapazia mazito katika madirisha yote, yafungwe kuanzia adhuhuri.

Wiki ya pili yake Awadh alimjia mezani, kitambaa cha maji mkononi.

"Mwanangu, pana kivuli kigeni. Cha Dzoro, kibarua mpya. Mwenyewe yuko kwenye tangi, kiwiliwili kitupu, wampa ufagio. Kivuli chake chauliza tangi limebeba nini."

Shariffa alikuwa amekwisha kusimama. "Kimbia ukamzuie, ami. Mwambie asiteremke." Yeye mwenyewe akakamata ngazi, mbili mbili. Nyuma yake, kwenye benchi jipya, kivuli chake kilisogea kidogo kukipisha cha Dzoro kikae. Na juu kabisa Bwana Morgan alikuwa akifunga pazia.