Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Fundi Masunga alishalainisha simenti juu ya kaburi la mwanangu Nyanjige, akamkabidhi mume wangu msumari. "Andikeni upesi, Mwalimu," akaniambia. "Jua hili la Ngulyati halina subira. Ikishakamata, mtanililia bure."

Jina lilikuwa limeshaandikwa. Yakobo, mume wangu, alitaka chini yake iwekwe namba: 30,031. Mama mkwe akauliza kama ni ya simu. Tangu tuzike nilikuwa sisikii uchungu wala njaa. Watu walisema najikaza, kumbe hakukuwa na cha kukaza.

Namba yenyewe ilikuwa ya ubishi wetu. Likizo iliyopita Nyanjige alizidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, akapata 30,030, akaongeza moja. "Mama, hii ni namba tasa," akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Igawe kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja."

"Na ambazo hukuzizidisha?"

"Zitashindwa tu! Haya, nitafutie hata moja."

Yakobo alikuwa pembeni akicheka. Mtoto yule alikuwa mbishi, mbuzi wa mnadani ana nafuu. Nikamwambia nitaitafuta, nikaenda kusonga ugali. Alirudi shuleni, malaria ikampanda kichwani, wakatuletea sanduku.

Sasa Yakobo ameinama na msumari, na mimi, mwalimu wa hesabu darasa la sita, siwezi kuacha kitu kiandikwe bila kukihakiki. Ndivyo nilivyo, hata matangazo ya kanisani nayasahihisha. Nikachuchumaa kwenye mchanga uliobaki, nikaanza kugawa kwa kijiti. Kumi na saba, inabaki tisa. Kumi na tisa, inabaki kumi na moja. Nikaendelea hivyo, mkono ukifanya kazi wenyewe. Nilipofika hamsini na tisa, hakikubaki kitu. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa.

"Baba Nyanjige, usiandike," nikasema kwa sauti ileile ya darasani. "Amekosa. Inagawanyika."

Yakobo akaja. Yeye ni mtu wa pamba, hesabu kaniachia mimi, lakini aliifuata kwa kidole mpaka mwisho. "Kweli," akasema. "Inagawanyika."

"Mwalimu, inakamata hii," Masunga akaita.

Yakobo akarudi, akapiga magoti, akaandika polepole tarakimu zote tano. Hasira ikanipanda.

"Si nimekwambia amekosa?"

"Nimesikia, Mama Nyanjige. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mwache akosee."

Nikafungua kinywa nimjibu. Nilikuwa nimeshinda, jibu ninalo, na niliyetaka anibishie yuko chini ya ile simenti. Ndipo kilio kikanitoka, cha kwanza tangu tuzike, na Masunga akaweka mwiko wake chini.